Ladha ya Mvinyo Mweupe, Kutoka Mosel hadi Dodoma

Rangi ya zabibu, kwa takriban aina zote zinazopelekwa viwandani, imo katika ganda wala haimo katika nyama ya tunda, na ndiyo maana mtengenezaji anayekamua zabibu mara tu zinapotoka shambani, akayatenga maji yake na maganda kabla hamira haijaanza kazi ya kuyachachusha, hupata mvinyo mweupe hata kama zabibu alizotumia zilikuwa nyeusi. Hivyo ndivyo ifanyikavyo katika jimbo la Champagne nchini Ufaransa, ambako Pinot Noir, zabibu yenye ganda jeusi, hukamuliwa kwa upole na kwa haraka ili itoe maji yasiyo na wekundu. Mvinyo mwekundu hutengenezwa kwa njia iliyo kinyume: maganda huachwa yachachuke pamoja na maji, na katika siku hizo hutoa rangi pamoja na tanini, yaani zile kemikali zenye ukakasi ambazo mnywaji wa chai ya rangi iliyokolea huzihisi zikikausha ulimi na fizi. Mvinyo mweupe umenyimwa karibu tanini zote, na kwa kuwa kinywaji chenye kilevi na mabaki ya utamu huhitaji kitu cha kukishikilia kisilegee kinywani, jukumu hilo huuangukia uchachu.

Anayetaka kuzifahamu aina za mvinyo mweupe, akaweza kutofautisha Riesling na Chardonnay au Sauvignon Blanc na Chenin Blanc, hufaidika zaidi akianza na uchachu huo kuliko akianza na orodha ndefu za matunda na maua zinazochapishwa nyuma ya chupa. Orodha hizo si za uongo, kwa maana nyingi kati ya harufu zinazotajwa humo hutokana na kemikali zinazojulikana na kupimika maabara, lakini humwacha msomaji wa Afrika Mashariki akitafuta aprikoti katika bilauri ilhali hajawahi kulionja tunda hilo, na akishindwa kulipata hudhani kwamba kasoro ni ya ulimi wake. Uchachu haumtaki mtu awe amekulia Ulaya. Kila aliyekula mchuzi uliotiwa ukwaju, au samaki aliyekamuliwa ndimu, au aliyekunywa maziwa ya mgando, ana ulimi uliokwisha kufunzwa kuzipambanua asidi, ingawa huenda hakuwahi kuliita somo hilo kwa jina lake. Hata msikilizaji asiyegusa kileo kwa sababu ya dini au ya afya yake anaweza kuifuata elimu hii, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni elimu ya kilimo, ya hali ya hewa na ya kemia ya matunda.

Asidi iliyo kuu katika zabibu ni asidi tatariki, ambayo haipatikani kwa wingi katika matunda mengi, lakini ndiyo hiyo hiyo inayoupa ukwaju ukali wake. Ya pili ni asidi maliki, yenye ukali wa tufaa bichi la kijani, na hii ndiyo inayobadilika zaidi kadiri zabibu inavyoiva, kwa sababu tunda huitumia katika kupumua kwake: joto likiwa kali mchana na usiku, asidi maliki hupungua haraka, na baridi ikiingia usiku, huhifadhika. Kwa sababu hiyo zabibu ya aina moja, ikipandwa katika bonde lenye baridi, hutoa mvinyo unaokata ulimi, na ikipandwa katika tambarare yenye joto hutoa mvinyo laini ulio mzito wa kilevi, kwa kuwa joto hilo hilo linalopunguza asidi ndilo linaloongeza sukari, na sukari ndiyo ambayo hamira huigeuza kuwa kilevi. Jumla ya asidi katika mvinyo mweupe, ikipimwa kwa kipimo cha asidi tatariki, kwa kawaida huwa kati ya gramu 5 na 9 kwa lita, na tofauti hiyo ya gramu chache yatosha kumfanya mnywaji auone mvinyo mmoja kuwa mchangamfu na mwingine kuwa mzito na mchovu.

Utamu nao wahitaji kuwekwa wazi kabla ya kuzitaja aina zenyewe, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Mvinyo huitwa mkavu pale hamira inapokuwa imekula karibu sukari yote. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo wenye sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita huhesabiwa kuwa mkavu, na kiwango hicho kinaruhusiwa kupanda hadi gramu 9 ikiwa asidi nayo iko juu. Kanuni hiyo inakubali jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba utamu na uchachu hupimana vinywani, na kwamba sukari ile ile huonekana nyingi mahali penye asidi kidogo na kidogo mahali penye asidi nyingi. Tena, harufu ya tunda si utamu. Mvinyo unaweza kunukia embe bivu na bado ukawa mkavu kabisa, na mtu aliyeunusa kwanza kisha akashtuka alipouonja hana sababu ya kudhani kwamba amedanganywa.

Zabibu inayoonyesha mapatano ya utamu na uchachu kwa uwazi kuliko nyingine zote ni Riesling, ambayo imetajwa katika hati ya mji wa Rüsselsheim nchini Ujerumani tangu mwaka 1435, na ambayo makao yake mashuhuri zaidi ni bonde la mto Mosel. Bonde hilo liko karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo mizabibu isingeivisha matunda vizuri kama isingepandwa kwenye miteremko mikali inayolielekea jua, juu ya vipande vya mawe ya sleti yanayonyonya joto mchana na kulirudisha usiku. Mteremko wa Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, una mwinamo unaofikia takriban nyuzi 65 katika baadhi ya sehemu zake, na mahali kama hapo hapalimiki kwa trekta, hivyo kazi ya kupogoa na kuvuna hufanywa kwa mikono. Zabibu huiva polepole mno, mara nyingi hadi mwezi wa Oktoba, zikiwa na asidi nyingi na sukari ya wastani. Kwa muda mrefu watengenezaji wa Mosel wamekuwa na desturi ya kuusimamisha uchachushaji kabla hamira haijamaliza sukari, ili utamu uliobaki uutulize uchachu, na ndiyo maana mvinyo wa daraja la Kabinett huweza kuwa na kilevi cha asilimia 8 au 9 tu na utamu ulio dhahiri, na bado ukakiacha kinywa kikiwa safi kama cha mtu aliyeng’ata tufaa bichi lililotolewa kwenye maji baridi.

Madaraja hayo ya Ujerumani, yaliyopangwa upya na sheria ya mvinyo ya mwaka 1971, huwachanganya hata wanywaji wa Ulaya, na ni vyema kueleza kwamba yanapima sukari iliyokuwamo katika zabibu siku ilipovunwa, wala hayapimi utamu uliobaki katika chupa. Kabinett ni daraja la zabibu zilizoiva kwa kiasi, Spätlese ni la zilizovunwa kwa kuchelewa, Auslese ni la vishada vilivyochaguliwa, na juu zaidi kuna Beerenauslese na Trockenbeerenauslese, ambazo hutegemea kuvu iitwayo Botrytis cinerea, inayotoboa ganda la zabibu na kuyaacha maji yakauke hadi sukari na asidi vikolee pamoja. Kuna pia Eiswein, ambayo zabibu zake huachwa mtini mpaka zigande kwa baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi, kisha zikamuliwe zingali barafu. Neno trocken likiandikwa peke yake kwenye lebo humaanisha kwamba mvinyo ni mkavu, hata kama ni wa daraja la Spätlese, na mnunuzi anayelijua neno hilo moja ameepuka makosa mengi.

Riesling changa hunukia ndimu, tufaa la kijani na maua meupe, na ikitoka mahali penye joto zaidi hukaribia pichi. Ikizeeka, hutoa harufu inayowashangaza wanaokutana nayo mara ya kwanza, kwa kuwa inafanana na ya mafuta ya taa. Harufu hiyo hutokana na mabadiliko ya polepole ya kemikali za rangi ya manjano zilizomo katika ganda, ambazo huongezeka zabibu zinapopigwa sana na jua, na kwa hiyo husikika mapema zaidi katika Riesling za Australia, hasa za Clare Valley na Eden Valley, kuliko katika za Ujerumani. Kwa kiasi kidogo, ikiwa imechanganyika na asali na ndimu, ni alama ya mvinyo uliokua vizuri, na yeyote anayeirudisha chupa dukani kwa sababu hiyo pekee amejinyima kitu adimu. Asidi nyingi ndiyo iliyouwezesha mvinyo huo kuishi miaka 20 au 30 bila kuharibika, jambo ambalo mvinyo mweupe wenye asidi kidogo hauliwezi.

Sauvignon Blanc ni nyepesi zaidi kueleweka, na kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki ni nyepesi maradufu. Asili yake ni Ufaransa, na katika bonde la mto Loire, kwenye vilima vya Sancerre na Pouilly-sur-Loire, hutoa mvinyo mkavu, mkali wa asidi, wenye harufu ya majani yaliyofyekwa na ya ndimu. Harufu hiyo ya majani hutoka katika kundi la kemikali ziitwazo pirazini, ambazo ndizo zinazoipa pilipili hoho ya kijani harufu yake, na ambazo hupungua kadiri zabibu inavyopata jua na kuiva. Kundi la pili ni la thioli, kemikali zenye salfa ambazo hazisikiki katika zabibu yenyewe mpaka hamira izifungue wakati wa uchachushaji, na thioli hizo ndizo zile zile zinazopatikana katika pasheni, mapera na mabalungi. Mwingereza anayefundishwa kuonja Sauvignon Blanc huambiwa atafute pasheni, tunda ambalo kwake ni la kigeni. Aliyekulia Tanga au Mombasa analijua tangu utotoni, na katika jambo hili ana faida iliyo wazi, ambayo haifai kufichwa kwa unyenyekevu usio na msingi.

Harufu hizo za thioli zimepata umaarufu wa dunia kupitia Marlborough, eneo la kaskazini ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, ambako upandaji wa mizabibu kwa biashara kubwa ulianza mwaka 1973, na ambako jua kali la mchana pamoja na usiku wenye baridi vimeruhusu pirazini na thioli kukaa pamoja katika bilauri moja kwa nguvu isiyoonekana kwingineko. Hata hivyo harufu hizo hazidumu. Isipokuwa michache iliyokuzwa katika mapipa, hasa ya Bordeaux nchini Ufaransa, ambako huchanganywa na zabibu ya Sémillon, mivinyo ya Sauvignon Blanc hufaa inywewe ndani ya miaka miwili au mitatu, na chupa iliyosimama miaka minne kwenye rafu ya duka lenye joto imepoteza karibu kila kilichoifanya inunuliwe.

Chardonnay iko upande mwingine kabisa, kwa sababu yenyewe haina harufu kali ya kujitambulisha, na kile ambacho wengi hukiita ladha ya Chardonnay mara nyingi ni ladha ya kazi ya mtengenezaji. Ni zabibu ya jimbo la Burgundy nchini Ufaransa, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1999 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis ulionyesha kwamba imetokana na Pinot kuzaana na Gouais Blanc, mzabibu ambao wakulima wa zamani wa Ufaransa waliudharau. Kaskazini mwa Burgundy, katika mji wa Chablis, ambako udongo wa chokaa umejaa mabaki ya chaza wa kale na baridi ya majira ya kuchipua huweza kuua machipukizi, Chardonnay hutoa mvinyo mkavu, mwembamba, wenye ukali wa ndimu na tufaa la kijani. Kusini kidogo, katika vijiji vya Meursault na Puligny-Montrachet, zabibu hiyo hiyo hutoa mvinyo wa dhahabu, mzito kinywani, unaonukia lozi, siagi na mkate uliookwa.

Sehemu ya tofauti hiyo ni joto, lakini sehemu kubwa ni mambo mawili yanayofanyika ghalani. La kwanza ni uchachushaji wa pili, unaofanywa na bakteria badala ya hamira, ambapo asidi maliki yenye ukali hugeuzwa kuwa asidi laktiki, ile ile ya maziwa ya mgando, na uchachu wote ukawa laini. Bakteria hao hutoa pia diasetili, kemikali ambayo ndiyo hunukia katika siagi, kwa hiyo anayesema kwamba Chardonnay yake ina siagi hatumii lugha ya picha. La pili ni pipa la mwaloni, ambalo katika Burgundy huwa la lita 228, na ambalo likiwa jipya huupa mvinyo vanilini, harufu ya vanila, pamoja na moshi hafifu wa mbao zilizochomwa kwa ndani wakati wa kuundwa. Mashapo ya hamira iliyokufa, yakiachwa ndani ya pipa na kukorogwa mara kwa mara, huongeza uzito na ladha ya mkate.

Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaalika waonjaji Wafaransa waonje mivinyo ya California na ya Ufaransa bila kuonyeshwa lebo, na kwa upande wa mvinyo mweupe iliyoshinda ilikuwa Chardonnay ya mwaka 1973 ya Chateau Montelena, kiwanda kilichoko Napa Valley, mbele ya mivinyo ya Burgundy yenye majina makubwa. Matokeo hayo yalisaidia kuipeleka Chardonnay kila pembe ya dunia, na kwa bahati mbaya yalifuatiwa na miongo miwili ambamo viwanda vingi vilidhani kwamba mbao nyingi ni sawa na ubora, vikauza mivinyo iliyonukia vanila na siagi kupita kiasi, huku asidi ikiwa imezikwa chini. Kosa hilo lilikuwa la watengenezaji, wala halikuwa la zabibu, na wale waliojifunza kuichukia Chardonnay katika miaka hiyo wanastahili kuionja Chablis kabla ya kutoa hukumu.

Pinot Grigio, ambayo Wafaransa huiita Pinot Gris, haihitaji maelezo marefu. Ni badiliko la asili la Pinot Noir, ganda lake lina rangi ya kijivu inayoelekea uwaridi, na katika tambarare za Veneto nchini Italia, ambako mizabibu huachwa izae vishada vingi, hutoa mvinyo mwepesi, mkavu, wenye ladha hafifu ya peasi na ndimu, unaozimua kiu bila kudai kufikiriwa. Ile ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ni nzito, yenye asali na moshi kidogo, kiasi kwamba mtu aliyezionja zote mbili kwa macho yaliyofumbwa asingezihesabu kuwa zabibu moja.

Kundi jingine ni la zabibu zenye harufu kali kwa asili yake, ambazo hazingoji hamira wala pipa zizipe manukato. Muscat, mojawapo ya zabibu za kale zaidi zinazolimwa, imejaa terpeni, mafuta ya harufu yanayopatikana pia katika maua na viungo, na ndiyo karibu zabibu pekee ambayo mvinyo wake hunukia zabibu zenyewe. Huko Piemonte nchini Italia hutengenezwa Moscato d’Asti, mvinyo mtamu, wenye mapovu madogo na kilevi cha asilimia 5 au zaidi kidogo. Gewürztraminer ya Alsace hunukia waridi na laichi, tunda lililo la ukoo mmoja na shokishoki linalouzwa Zanzibar, na harufu yake ni kubwa kiasi cha kujaza chumba. Udhaifu wa Gewürztraminer uko pale pale ambapo mazungumzo haya yalianzia: asidi yake ni ndogo, kilevi chake ni kikubwa, na mwaka ukiwa wa joto mvinyo hulegea, ukawa mzuri puani na mzito kinywani kabla bilauri ya kwanza haijaisha.

Zabibu inayomhusu moja kwa moja msikilizaji wa Tanzania ni Chenin Blanc, nayo inastahili muda zaidi kuliko zote. Kwao ni katika bonde la Loire, katika majimbo ya kale ya Anjou na Touraine, na sifa yake ya kwanza ni kwamba huweza kuiva hadi kufikia sukari nyingi huku ikibaki na asidi iliyo juu, jambo ambalo zabibu chache hulimudu. Kwa sababu hiyo kijiji kimoja cha Vouvray, chenye maghala yaliyochimbwa ndani ya mwamba wa chokaa, hutengeneza kutokana na zabibu hii moja mvinyo mkavu, mvinyo wenye utamu kiasi, mvinyo mtamu kabisa na mvinyo wa mapovu, kila mwaka kwa kadiri majira yalivyoruhusu. Savennières, katika bonde hilo hilo, hutoa ile iliyo kavu na kali. Coteaux du Layon na Quarts de Chaume hutoa mitamu, kwa kuwa huko ukungu wa asubuhi kutoka mtoni huisaidia kuvu ya Botrytis kuzivamia zabibu. Ladha ya Chenin Blanc changa ni tufaa, peasi na asali nyepesi, na katika Loire huwa na kitu kinachokaribia nta au sufu iliyoloa maji. Ikizeeka, asali hukolea, lakini uchachu hauondoki.

Kutoka Ufaransa zabibu hiyo ilifika Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17, kupitia Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, ambayo kamanda wake wa huko, Jan van Riebeeck, alipanda mizabibu ya kwanza mwaka 1655 na kuandika katika shajara yake kwamba mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Wakulima wa huko waliiita Steen, wakaisahau asili yake, na ilikuwa mwaka 1965 tu ambapo Profesa C. J. Orffer wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alithibitisha kwamba Steen na Chenin Blanc ni kitu kimoja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilitumika zaidi kama malighafi ya brandi na ya mvinyo wa bei nafuu. Badiliko lililoifumbua macho Afrika Kusini lilikuwa la kiufundi: katika miaka ya 1950 viwanda vilianza kuyapoza matangi wakati wa uchachushaji, na harufu ambazo awali zilipeperuka kwa joto zikabaki ndani ya mvinyo, hata Lieberstein, mvinyo wenye utamu kiasi uliotegemea zaidi Steen na ulioanza kuuzwa mwaka 1959, ukawa mojawapo ya mivinyo ya chupa iliyouzwa zaidi duniani katika miaka michache tu. Leo Afrika Kusini ina mashamba makubwa zaidi ya Chenin Blanc kuliko nchi nyingine yoyote, Ufaransa ikiwemo, na katika wilaya ya Swartland mizabibu iliyozidi miaka 35, isiyomwagiliwa na inayozaa kidogo, hutoa mivinyo mikavu yenye nanasi, pichi na asali, inayosimama bega kwa bega na ile ya Loire.

Chenin Blanc ndiyo pia zabibu kuu ya mvinyo mweupe wa Dodoma. Kilimo cha zabibu mkoani humo huhusishwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, walioipanda Bihawana kwa ajili ya mvinyo wa misa, na baadaye kilienea Mpunguzi, Hombolo, Veyula na Makutupora, ambako kipo kituo cha utafiti wa zao hilo. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, umbali ambao vitabu vya kale vya Ulaya viliuona kuwa haufai kwa mzabibu, lakini iko pia katika mwinuko wa takriban mita 1,100, na mwinuko huo ndio unaoleta usiku wenye ubaridi unaoihifadhi asidi. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti, mkulima mwenyewe ndiye anayeamua mwaka uanze lini: akipogoa, mzabibu huchipua, na kwa kupogoa mara mbili hupata mavuno mawili, moja likiangukia majira ya mvua na jingine kiangazi. Zabibu za masika huandamwa na ubwiri na huwa na maji mengi. Za kiangazi huwa na sukari iliyokolea na afya bora, ila jua likikaza na mkulima akachelewa kuvuna, asidi huporomoka kwa siku chache.

Hapo ndipo ubora wa mvinyo mweupe wa Dodoma unapoamuliwa, na hapo ndipo wakulima wake wanapohitaji kuungwa mkono kuliko mahali pengine popote. Mkulima anayesubiri siku kadhaa mnunuzi aje, huku vishada vikiwa mtini, anapoteza ile asidi ambayo ndiyo hazina ya Chenin Blanc. Na anayekamua mwenyewe ili auze mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi, kwa kiwanda kikubwa, bila tangi la kupozea, anaona uchachushaji ukikimbia katika joto lililozidi nyuzi 25 na harufu za tunda zikitoweka pamoja na hewa ukaa. Soko la ndani hupenda utamu, na utamu si dosari, kama Mosel na Layon zinavyothibitisha, lakini utamu wa huko umebebwa na asidi nyingi, ilhali sukari inayoongezwa kufunika mvinyo uliokwisha kulegea haiwezi kuurudishia kile kilichopotea shambani.

Anayeionja Chenin Blanc ya Dodoma aitendee haki kwa kuipa joto linaloifaa, yaani nyuzi 8 hadi 10, na kwa kuwa friji ya kawaida huwa na nyuzi 4 hivi, chupa iondolewe humo takriban robo saa kabla ya kumiminwa, maana baridi kali huzima harufu, nalo joto la sebuleni hukitanguliza kilevi mbele ya kila kitu. Aivute harufu kwanza, kisha achukue funda dogo, alizungushe kinywani na kungoja. Mate yakimjaa pande mbili za ulimi, karibu na mashavu, na yakaendelea baada ya kumeza, asidi ipo, na nyuma yake tufaa, peasi na asali zitakuja zenyewe. Yasipojaa, na funda likabaki kama maji yenye kilevi na sukari, basi zabibu zile zilivunwa kwa kuchelewa, au tangi lilikuwa la moto, au chupa ilisimama miezi mingi katika dirisha la duka lililoelekea jua.